Gunia la Panzi

Bohumín, 6 Februari

Otília mdogo wangu,

Kwa kuwa umenifungia simu, nimenunua stempu. Yule mama wa posta alinitazama kana kwamba nimeomba lishe ya farasi. Akaniuliza, "Babu, bado kuna mtu anakuandikia?" Nikamwambia, "Hakuna. Namwandikia dada yangu, hataki kunisikia." Akagonga muhuri na kusema, "Basi hii atasikia."

Mambo ya nyumbani nimeyaona kwenye ukurasa wa mji. Nimestaafu reli, nakaa peke yangu huku upande wa Cheki, na ukurasa ule ndio dirisha langu la kwetu Lipová Dolina. Nimeiona ile picha ya gunia lenye panzi, na maneno yaliyoandikwa juu yake, kwamba Otília wa duka la mkate anatulisha unga wa panzi kwa amri ya wakubwa wa Umoja wa Ulaya kule Brussels. Watu zaidi ya mia tatu wameisambaza.

Najua umekasirishwa na nilichoandika pale chini, "Tusubiri tujue ukweli." Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kupoza watu. Umelichukua vibaya neno langu.

Ushauri wangu ni mmoja. Nyamaza. Oka mkate wako, usijibu mtu, wala usihangaike kumtafuta aliyepiga picha. Ukimpata utafanya nini naye? Picha za siku hizi hazina mwenyewe. Upepo huvuma, mwisho hutulia.

Mama hajambo? Magoti yake?

Kaka yako,
Vendelín


Lipová Dolina, 15 Februari

Kaka Vendelín,

Barua yako imefika, na kwa heshima ya stempu nakujibu.

Unasema ninyamaze. Nilinyamaza wiki mbili. Nilikuwa naoka mikate mia mbili kwa siku, leo nimeoka sitini, na kumi na minane kati yake imebaki kwenye rafu. Shule imesimamisha mikate ya watoto "mpaka hali itakapoeleweka." Hali gani? Watoto wale nimewalisha tangu hawajaota meno. Juzi mtu ameandika kwa rangi kwenye kioo changu neno PANZI, akakosea herufi moja. Nimelifuta kwa siki.

Wewe unalijua gunia lile! Panzi ni nembo ya kile kiwanda cha unga tangu baba alipokuwa akipakua magunia hayo mgongoni. Ngano na nafaka ya rai, basi. Nimewaeleza watu, wanatikisa vichwa. Wale wa upande wa meya wa zamani wanasema nimenunuliwa na meya mpya. Wale wa meya mpya wanakuja kununua mkate kwa fujo, wananunua miwili, wanapiga picha nao, kisha wanatukana wenzao mlangoni kwangu. Kaka, mkate wangu umepata chama. Nilikuwa nauza mkate wenye kisibiti tu.

Drahomír mwenye baa, yule uliyesoma naye darasa moja, ameibandika picha ile kwenye kioo cha baa yake. Kila anayekwenda kunywa anaiona.

Na Mama. Unauliza magoti ya Mama. Jana nilifungua droo ya cherehani kutafuta kitufe, nikakuta mkate wa dukani, ule uliokatwa vipande na kufungwa kwenye plastiki. Mkate wangu nikaukuta kwenye banda la kuku. Nilimuuliza, "Mama, hata wewe?" Akainamisha kichwa. "Mwanangu, mimi sijaamini. Ila tumbo langu limeamini." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi na aproni yangu mpaka baridi ikaniingia.

Sasa sikia hili. Picha imepigwa ndani ya stoo yangu. Nimeitambua rafu, nimeutambua na ukuta wenye ufa. Funguo za stoo tunazo wawili, mimi na Blanka. Miaka kumi na moja Blanka amekanda pamoja nami. Nilimuuliza kama ni yeye, akasema si yeye. Nikamuuliza tena. Akaanza kulia, nikaona anayelia ana jambo. Nilimwambia avue aproni aende zake. Mji mzima sasa unajua aliyeniuza ni nani.

Wewe, uliyeandika "tusubiri tujue ukweli," haya, ukweli umejulikana. Umeridhika?

Otília


Bohumín, 20 Februari

Otília,

Mrudishe Blanka.

Nimeandika sentensi hiyo moja kisha nimekaa nusu saa na kalamu mkononi. Si Blanka. Ni mimi.

Unakumbuka siku mbili kabla ya Krismasi, Mama alitaka unga wa kuokea keki zake za mbegu za mpopi, nawe ulikuwa na foleni hadi barabarani. Ukanitupia funguo ukasema, "Kaka, chota mwenyewe." Nilijifunga aproni ya Mama, nikaenda stoo. Nilipoliona lile gunia na panzi wake nikamkumbuka baba, nikajisikia mchangamfu. Nikajipiga picha nalo. Nikawatumia wastaafu wenzangu wa reli, kundi letu la watu ishirini na wawili, na maneno haya: "Dada yangu anatulisha panzi, ndiyo maana nimenenepa." Walicheka wote. Mmoja akasema naye anataka kilo mbili.

Basi. Huo ndio utani wangu wote. Nani aliitoa kundini sijui. Nani aliikata sijui. Nani aliandika Brussels, hilo nalo sijui. Lakini nilipoiona Januari kwenye ukurasa wa mji niliitambua mara moja, kama mtu anavyotambua koti lake limevaliwa na mwizi.

Ningesema siku ile ile, lingekuwa jambo dogo. Nikaona aibu. Nikajiambia litapita. Nikaandika "tusubiri tujue ukweli" nikiwa nao mfukoni. Kisha nikakuambia usimtafute aliyepiga picha. Sikuwa nakupa ushauri, mdogo wangu, nilikuwa najificha.

Niliweza kuvumilia mikate yako kubaki, Mungu anisamehe, kwa sababu nilidhani itauzwa kesho. Ila Blanka siwezi. Nimemwona yule msichana akikua. Ananiita Mjomba.

Sina la kujitetea. Niambie la kufanya.

Vendelín


Bohumín, 9 Machi

Otília,

Siku kumi na saba hujajibu. Ni haki yako.

Nakuarifu tu nilichofanya. Nimeandika kila kitu kwenye ukurasa wa mji, kwa jina langu, pamoja na picha nzima isiyokatwa. Nilidhani yatakwisha. Uongo ulisambazwa na watu mia tatu. Ukweli umesambazwa na wanne, na mmoja wao ni mimi mwenyewe, nilibonyeza kwa bahati mbaya. Mtu mmoja ameandika kuwa umenilipa niseme hivyo. Mwingine anasema mimi si mtu, ni mashine. Miaka thelathini na minane nimeendesha treni za mizigo, leo naambiwa mimi ni mashine!

Nimemwandikia Blanka pia. Hajajibu naye.

Vendelín


Lipová Dolina, 14 Machi

Kaka,

Barua yako ya tarehe ishirini niliisoma nikaitia kwenye jiko la kuni. Kisha nikaitoa, imeungua pembe moja. Nilikuchukia wiki nzima, na chuki ile ilinipa nguvu kazini. Halafu ikaisha, nikabaki na jambo baya zaidi.

Nilikwenda kwa Blanka. Hakunifungulia mlango, alisema nami kupitia dirisha la jikoni, mimi nimesimama kwenye theluji inayoyeyuka. Nikamwambia ni kaka yangu, nimekosea, nisamehe. Akasema, "Bi Otília, hukuniuliza. Ulikuwa umeshajibu, ukanifanya nisimame pale nikusikilize." Nikamwambia niliuliza mara mbili. "Uliuliza kama anavyouliza Drahomír," akasema, "anauliza ili apate kelele." Kisha akafunga dirisha, si kwa kishindo, taratibu.

Nimerudi nikalifikiri neno lile huku nakanda. Mimi niliyelia kwamba nahukumiwa kwa picha, nilimhukumu mtu kwa picha hiyo hiyo.

Kwa hiyo huko kwenye ukurasa usiandike tena. Pale watu hawasomi, wanahesabu nani yuko upande wao. Panda treni uje. Jumapili tarehe 26, baada ya misa, meya ameitisha mkutano ukumbini kuhusu mabomba ya maji, na kila mtu atakuwepo kwa sababu mabomba yanawahusu wote. Nimeomba dakika kumi. Utasimama useme kwa mdomo wako, mbele ya nyuso zao.

Utalala kwangu. Usilete zawadi.

Otília


Lipová Dolina, 2 Aprili

Vendelín, mzee wa reli,

Usishangae kuona mwandiko wangu, mwalimu wetu alishasema ni wa kuku aliyelewa. Umeondoka Jumatatu bila kupitia baa, nami nina neno nawe. Simu sipendi, maana ukinijibu upesi nitakasirika upesi.

Ulisimama pale na kofia mkononi ukasema, "Panzi ni mimi." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, nimejiandaa kukuzomea. Kisha ukaonyesha ile picha nzima ukutani, wewe na aproni ya mama yako, unga kwenye pua, umemwekea panzi wa gunia vidole viwili kichwani kama watoto. Na jina la kiwanda chini yake, kubwa, kama lango la kanisa. Nikajisikia joto usoni. Mimi ile picha nilikuwa nayo kwenye kioo changu wiki nane. Sikuwahi kujiuliza mbona imekatwa chini.

Lakini nikuambie kweli, hapo nilikuwa bado naondoka. Wale wa meya mpya walianza kupiga makofi na kutupigia kelele, "Tuliwaambia! Tuliwaambia!" Na jirani yangu alishakunja ngumi. Nikasema moyoni, haya, leo tunapigana, na mimi napigana na wenzangu hata kama nimekosea.

Ndipo dada yako akashika kipaza sauti. Akasema, "Msipige makofi. Mimi pia niliamini picha." Akamtaja Blanka kwa jina lake kamili, akasema alimfukuza bila ushahidi, kwa sababu alikuwa na hasira na alitaka mtu wa kumtupia. "Nyinyi mlinidhania mdanganyifu kwa wiki nane," akasema, "mimi nilimdhania msaliti kwa dakika tano, na dakika tano zangu zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilimjua."  Ungesikia bomba likivuja, na kweli lilikuwa linavuja.

Mtu ambaye ameshinda na bado anajishtaki, mimi sijui kupigana naye.

Jumanne nikaenda dukani kwake. Nikamwambia, "Mimi siamini maneno, nataka kuona kutoka gunia mpaka rafu." Nilitaka anifukuze ili nipate sababu. Akanipa aproni. Blanka alikuwepo, amerudi kwa sharti kwamba funguo za stoo zikae kwake peke yake, Otília akitaka unga aombe. Akanitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Mkono huo umezoea kuinua glasi tu, hapa utalia." Nimechekecha, nimekanda, nimetia kuni. Mabega yananiuma mpaka leo. Hakuna panzi. Kuna chumvi nyingi kuliko nilivyodhani.

Nimeibandua picha. Mahali pake nimeweka karatasi niliyoandika mwenyewe: "Una habari ya mtu wa mji huu? Kamuulize mwenyewe kwanza, kisha njoo unywe." Wateja wawili wameninunia, wanasema nimegeuka. Sijageuka. Brussels bado siwaamini, na huyo meya wenu simpi kura hata aniletee bomba la dhahabu. Ila sitaki tena kushikwa mkono na mtu nisiyemjua nikampige jirani.

Na wewe, mjinga, ungesema Januari.

Drahomír


Bohumín, 10 Aprili

Drahomír,

Kweli, ningesema Januari. Umeliandika kwa maneno matano, mimi nimelizunguka miezi mitatu.

Nilipotoka ukumbini nilishindwa kuja baa. Niliogopa ungenipiga. Sasa nasoma kwamba ulikuwa umeona haya. Tumesoma darasa moja na bado hatujuani nyuso.

Wastaafu wenzangu wameniuliza nani kati yetu aliitoa ile picha. Nimewaambia nisingependa kumjua. Nilishaona mji ukimtafuta mtu wa kulaumu. Aliyefanya alinipigia mwenyewe jana, akalia. Nimemwambia ale mkate.

Ukiwa na nafasi, mchungulie Mama.

Vendelín


Lipová Dolina, 30 Mei

Kaka Vendelín,

Habari ndefu, kwa hiyo kaa.

Shule imerudi. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, akasema hali imeeleweka. Nikamwambia nimefurahi, hali ilikuwa imechelewa shule. Mama anakula mkate wangu mbele yangu, kipande kikubwa kuliko anachoweza, ili nione. Sijamsema. Naoka mia na tisini. Ile familia ya nyumba ya kijani bado inasafiri kilomita kumi na mbili kununua mkate kwingine, na nikikutana nao wanavuka barabara. Nimewaacha. Mlango wangu hauna kizingiti kirefu, wakija watakuta mkate.

Na kila Jumamosi, Blanka na mimi tunafungua chumba cha tanuri kwa yeyote anayetaka kukanda. Mara ya kwanza nilidhani watakuja watu watatu. Walikuja kumi na saba, wa huku na wa kule, kwa sababu kila mtu alitaka kumwona Drahomír amevaa aproni. Mikono ikiwa na unga mtu hawezi kushika simu, basi wakaongea. Walibishana kuhusu meya hadi mkate ukaiva. Kisha wakabishana kuhusu mkate.

Lakini nilichokalia kukuandikia ni cha wiki iliyopita.

Unajua tumepata daktari mpya kwenye zahanati, Solomiya, mama kijana aliyekuja na mwanawe kutoka Ukraine. Miaka miwili hatukuwa na daktari. Jumatano saa sita mchana ukaingia ujumbe kwenye simu za nusu ya mji, kwamba huyu si daktari, alikuwa kinyozi, cheti ni cha kughushi. Na picha yake, ameshika mkasi.

Mimi na Blanka tulikuwa tumepeleka mikate baa. Nikaona simu zinatoka mifukoni, moja, mbili, tano.  Nilijua kile kimya. Mtu mmoja akasema, "Nilikuwa nashuku, mimi." Mwingine akafungua mdomo kumjibu. Kisha, kaka, sijui nani alianza, watu wote waliigeukia ile karatasi kwenye kioo. Halafu wakamgeukia Drahomír.

Drahomír akasema, "Mnanitazama nini?"

"Umeandika wewe," Blanka akamjibu.

Akaweka kitambaa juu ya kaunta. Akachukua kofia. Akatoka bila kuaga, akavuka uwanja, akapanda ngazi za zahanati, akapanga foleni kama kila mtu. Sisi tulibaki dirishani, watu wa pande zote mbili tumebanana kwenye kioo kimoja. Hakuna aliyeusambaza ule ujumbe. Tulikuwa tunasubiri.

Mama alikuwa kwenye foleni ile kwa ajili ya magoti, kwa hiyo nina kila neno. Drahomír alipoingia hakufunga hata mlango. Akasema, "Daktari, samahani. Watu wanasema wewe ni kinyozi. Nimekuja kukuuliza wewe mwenyewe."

Mama anasema yule binti alibadilika rangi. Akasema kwa lafudhi yake, "Ni wewe wa kwanza kuniuliza. Katika mji wa kwanza nilioishi hawakuuliza, nilihama." Akamwonyesha simu yake. Picha ile ni yake, anamnyoa mwanawe siku walipofika, na mtoto amekatwa pembeni, limebaki sikio moja tu. Akasema, "Vyeti viko ukutani nyuma yako, hicho cha kwanza cha kwetu, hicho cha pili wizara ya hapa imekithibitisha. Soma polepole. Ukimaliza kaa hapo. Uso huo mwekundu haunipendezi."

Akasoma vyote viwili, mpaka mihuri. Kisha akakaa. Akafungwa kile kitambaa cha presha mkononi.

Alikawia nusu saa. Alipotokea kwenye uwanja alikuwa anatembea taratibu, karatasi ndogo mkononi. Tulirudi haraka kwenye viti vyetu, tukajifanya tunakula. Akaingia, akavua kofia, akasimama nyuma ya kaunta yake mwenyewe, akayatazama mapipa kama mtu anayeaga ndugu.

"Haya," jirani yake akamwuliza, "ni daktari au si daktari?"

"Daktari," Drahomír akasema. "Ameninyima bia."

Mdogo wako,
Otília